Mama Aliyeacha Kugombana

Jumatatu, 2 Septemba

Madaftari ya Kidato cha Tatu bado hayajaisha. Nusu ya darasa imeandika kwamba ubongo unasukuma damu. Nusu nyingine imenakili kitabu neno kwa neno, mpaka kosa la uchapaji. Mkuu wa shule kapita ofisini kuuliza kwa nini fimbo imepungua kwenye somo langu. Nimemjibu kwamba nafundisha baiolojia, sifugi punda. Hakucheka. Na mimi sikuwa natania.

Maji yamekatika tena hapa Mkomaindo, Masasi. Nimeoga kwa kopo.

Kaka Hassani kapiga simu jioni. Mama haongei. Nikamuuliza haongei vipi? Akasema, "Njoo ujionee mwenyewe, Somoe. Mimi nimechoka." Nimeshindwa kuipata picha. Mama Hassani, mwanamke ambaye kijiji kizima humbeba kwenda naye ghalani msimu wa korosho ili amsimamie karani wa mizani, kwa sababu karani anayeuweza mdomo wake bado hajazaliwa. Huyo ndiye haongei?

Jumamosi nitapanda Newala.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimefika mchana. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Siku zote marahaba ya mama ina mkia mrefu. Umekonda. Umenenepa. Kiatu gani hicho. Mwanao Zawadi umempeleka bweni asome au upumzike? Leo hakuna mkia. Nimesimama mlangoni nikisubiri kutukanwa, hamna.

Uso wake umekuwa bapa. Macho hayapepesi. Mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umelala tu pajani, hauna kazi yoyote. Anatembea hatua fupi fupi kama mtu aliyejitwika ndoo anayeogopa kumwaga maji. Nimempa khanga niliyomnunulia. Kaipokea, kaiweka. Hakuuliza bei. Hakusema nimepunjwa.

Wifi Hadija anasema ilianza kidogo kidogo, katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Kwanza kuacha kuimba akifagia. Kisha kukaa tu. Kisha uvivu. Neno hilo, uvivu, limetajwa nyumbani kwa mama, na mama mwenyewe yupo, anasikia, anatazama ukuta. Zahanati wamesema ni uzee. Mwezi wa sita alikuwa anabeba mfuko wa salfa kichwani na kunisema mimi kwa wakati mmoja. Uzee gani huo unaokuja kwa basi la asubuhi?

Nina hasira na sijui nimtupie nani.

Jumapili, 8 Septemba

Sasa najua Kaka amemtupia nani hasira yake.

Mama Ponsiano. Jirani. Shamba lake na la mama yamepakana, na mpakani pana mkorosho mmoja mkubwa uliolala pande zote mbili. Korosho huokotwa chini, zikishaanguka. Zilizoanguka kwa mama ni za mama, zilizoanguka kwa Mama Ponsiano ni zake. Ingekuwa rahisi, lakini korosho hubingirika. Kwa hiyo kila msimu, tangu mimi niko shule ya msingi, wanawake hawa wawili wamesimama chini ya mti ule na kutoleana maneno ambayo mengine niliyajua maana yake nilipoolewa. Jioni mmoja anamwomba mwenzake moto au chumvi. Kesho wanaanza upya.

Kijiji kinasema Mama Ponsiano amemfunga mama ulimi. Kaka ameita kikao cha ndugu bila kuniambia. Mganga atakuja Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, kwa sasa ana kazi Tandahimba. Atamwosha mama, kisha atamtaja mhusika mbele ya watu.

Nilimuuliza Kaka, akishamtaja, mnafanya nini? Sote tunajua wanafanya nini. Nyumba ya Mama Ponsiano ni ya nyasi.

Tumegombana hadi nimekosa gari la kwanza. Kaniambia elimu yangu imenifanya nisiwe na uchungu na mama. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimesoma vitabu vyangu vyote na simu imekwisha chaji mara mbili. Uso bapa, mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, hatua fupi, sauti ndogo. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka, tunaoufundisha kwa mistari mitatu tu mwishoni mwa sura. Seli zinazotengeneza dopamini ndani ya ubongo zinakufa. Zikifa zimekufa.

Nimefunga kitabu. Nimelia kijinga, nimesimama, mwiko mkononi. Mboga imeungua.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nilitupa notisi. Nimechukua korosho za kukaanga, mfuko mmoja, nikaingia nao darasani. Swali likijibiwa, korosho moja. Mwanzoni mikono yote juu, hata wale wa nyuma ambao huja shule kulala. Baada ya muda wakazoea. Wakajibu huku wamenyoosha kiganja bila hata kuniangalia. Ndipo Fadhila alipojibu sawasawa kabisa na mimi sikumpa kitu. Uso wa Fadhila ulivyoanguka!

Nikawaambia, hapo. Hapo ndipo mlipojifunza. Dopamini haipo kwa ajili ya utamu tu. Korosho mliyoitegemea ikija, haina habari mpya. Ikija usiyoitegemea, dopamini inamwagika: hii nzuri, kumbuka ulichofanya, rudia. Ukiitegemea isipokuja, inapungua ghafla, na hilo nalo ni somo. Inakwenda kukaa kwenye vipokezi. Vipokezi ni vigoda, dopamini ni mgeni anayeleta habari. Mgeni asipopata kigoda, habari haijasemwa. Mtu hajifunzi, na hata hamu ya kunyanyuka hana.

Fadhila, bado amenuna, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, mtu kama huyo si mvivu?"

Nikasema si mvivu. Nikageukia ubao, nikapenga kamasi. Wakadhani nina mafua.

Mkuu wa shule ameona maganda ya korosho sakafuni. Anataka maelezo kwa maandishi. Atasubiri sana.

Ijumaa, 20 Septemba

Shule imefungwa, likizo fupi. Nimepanda Newala na gari la mchana. Mama amesema marahaba. Nimemwandalia kisamvu cha karanga, ambacho huwa anakisifia kwa kukikosoa. Kakila chote. Hakukikosoa.

Mama Ponsiano kaja jioni, kasimama mbali kidogo na mlango, hakukaribia. Kaweka chini beseni la korosho za mwanzo mwanzo. "Hizi zilianguka kwenu, zikabingirika kwangu," akasema. "Nimezileta, maana mwenyewe hasemi." Mama alimtazama tu. Mama Ponsiano akasubiri, akasubiri sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwenzangu nitagombana na nani?"

Wifi Hadija hakuligusa beseni. Wanaogopa. Nimezianika mimi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeona.

Asubuhi, mama kakaa mkekani na chai yake. Kafungua pindo la khanga polepole, mkono unatetemeka, katoa kidonge, kameza. Nikauliza mama, hiyo nini?

"Ya salfa."

Dawa ya salfa ni nini? Wifi Hadija ndiye aliyenieleza, huku ananishangaa kwa kutojua. Salfa ni ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho ili maua yasiliwe na ukungu wa ubwiri. Hupulizwa alfajiri umande ukiwapo, wanaume na mashine mgongoni, wanawake wakiwafuata na mifuko ya kujazia. Unga unaingia machoni, puani, kooni. Watu wanatapika. Basi duka la dawa pale barabarani wakaleta vidonge vya kuzuia kutapika, na hapa kwetu vikaitwa dawa ya salfa. Kila mwanamke anayo kwenye pindo la khanga. Kichefuchefu kikimshika anameza kimoja, kesho hamezi.

Mama si mtu wa kufanya kitu nusu. Aliambiwa kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kukinga tumbo kabla halijachafuka. Hakuambiwa mwisho. Msimu wa salfa umekwisha. Mashine zimeoshwa, zimeanikwa. Yeye bado anameza. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, na huu.

Nikamuuliza kwa nini hajaacha. Akasema, "Hakuna aliyeniambia niache."

Mama yangu. Anayehitaji kuambiwa.

Nimeomba pakiti. Metoklopramidi. Nimetafuta kwenye simu, mtandao unakatika, nimepanda juu ya kichuguu mbele ya watoto wa jirani. Ndiyo hiyo. Dawa inazuia kutapika kwa kukalia vipokezi vya dopamini. Lakini haikai pale tu panapohusu kutapika. Inaingia mpaka ndani ya ubongo na huko nako inakalia vigoda, haisemi kitu, na mgeni anabaki amesimama mlangoni. Mtu mzima, mwembamba, dozi kila siku kwa miezi, uso unakuwa bapa, mkono unatetemeka, hamu inakwisha.

Labda seli za mama hazijafa. Labda zimekaliwa tu vigoda!

Nilipomwomba vidonge akanipa vyote bila neno. Hilo limeniuma kuliko yote. Mama wa kweli angenikimbiza na mwiko.

Jumapili, 22 Septemba

Duka la dawa. Binti wa kaunta anachati. Nimeweka pakiti juu ya kioo. Nimeuliza kama alimweleza mama mwisho wa dozi. Akasema wanawake wenyewe huja wanaitaja kwa jina, yeye anauza. Nikauliza kama anajua inafanya nini ubongoni. Akasema, "Ubongoni tena? Si ya tumbo hii?"

Nimepiga kelele. Watu wa sokoni wamekusanyika. Nimemwambia aandike karatasi kubwa abandike dukani: hii si ya kumeza msimu mzima. Kaanza kulia, ni msichana mdogo, pengine umri wa mjukuu wa mama. Hata hivyo sikuona huruma. Mwenye duka katoka nyuma anatabasamu, anasema, "Mwalimu, tuongee taratibu." Nimemwambia mama yangu ameongea taratibu vya kutosha mwaka huu.

Karatasi wameibandika. Herufi ndogo. Nimesimama hapohapo mpaka wameandika kubwa.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeshuka na mama Masasi. Hospitali, foleni, jua. Daktari kijana, macho mekundu ya zamu. Lakini kamshika mama mikono yote miwili, kaizungusha viwiko, kamwambia atembee, ageuke. Kamwamkia vizuri. Nikampa pakiti, akaguna.

Kasema huenda ni dawa. Aache kabisa. Asipewe dawa nyingine ya kutetemeka kwanza, tusubiri. Wiki kadhaa, inaweza kuwa miezi. Kama ni vidonge, atarudi alivyokuwa. Asiporudi, basi ni ule ugonjwa wenyewe, vidonge viliufunua tu.

Nimemuuliza kama ataanza kurudi kabla ya tarehe 12. Akauliza kuna nini tarehe 12. Ningemwelezaje, kwamba mwili wa mama unasubiriwa na mganga kama ushahidi mahakamani?

Ijumaa, 27 Septemba

Mama yupo kwangu Mkomaindo. Anakaa barazani. Hachezi, hasemi. Nimewasha redio, kaiacha iongee.

Leo mchana kaonja mchuzi. Akasema, "Chumvi."

Si kwamba anaomba chumvi. Alikuwa anasema imezidi. Nimetoka nje nimesimama karibu na tangi nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimemrudisha. Jumatatu shule inafunguliwa na hapa hakuna wa kukaa naye. Nimemweleza Kaka yote, tangu vigoda mpaka tumbo. Kasikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho kasema, "Dawa ya salfa ndiyo iliyomkinga. Kila mtu anameza. Mbona wengine wanaongea?" Nikasema wengine wanameza siku moja moja. Kasema mganga atakuja tarehe ileile.

Nimekwenda kwa Mama Ponsiano. Watoto wake wanataka aende Lukuledi kwa dada yake mpaka mambo yapoe. Amekataa. Alikuwa anapepeta unga, hakuacha kupepeta. "Nikikimbia nimekubali," akasema. "Na mkorosho nimwachie nani? Kaka yako?"

Jumamosi, 5 Oktoba

Sijui niandike nini. Nitaandika hivihivi.

Mama amerudi nyuma. Mkono unapiga paja. Mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Nimetafuta kwenye khanga, hamna. Chini ya mkeka, hamna. Nikakuta pakiti mpya jikoni kwenye kopo la chumvi. Wifi Hadija amekuwa akimpa kidonge usiku, kwenye uji, amekisaga.

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Leo nilinyanyua mkono. Wifi hakukwepa. Akasema, "Nilidhani unamwacha afe kwa kumnyima dawa. Wewe hukai naye. Mimi ndiye ninayemwosha."

Mkono umeshuka wenyewe. Ni kweli, ndiye anayemwosha. Na ni kweli pia alimlisha kitu kilekile kinachomkausha. Mambo yote mawili ni kweli, na nimebaki sina wa kumkasirikia tena. Hapo nikawa na hasira mara mbili.

Nimemkalisha wifi chini. Safari hii sikuzungumzia dopamini. Nimemwuliza ni lini mama alimkosoa mara ya mwisho. Akafikiri. Macho yakamjaa machozi. Akasema, "Alipoanza kumeza." Akachukua pakiti mwenyewe akaitia shimoni chooni.

Jumatano, 9 Oktoba

Shule. Mkuu wa shule kaniita kuhusu maganda ya korosho. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, ukimpiga mtoto kila akikosea, anajifunza nini? Akasema anajifunza asikosee. Nikasema hapana, anajifunza kutokunyanyua mkono. Akasema hayo nitayaandika kwenye maelezo. Sawa.

Wifi kapiga simu. Mama amekataa uji. Kasema ni mwepesi. Mimi na wifi tumecheka kwenye simu, wote wawili tukiogopa kucheka sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nimepanda jana. Asubuhi uani pamejaa watu. Vijana wengine wameshika fimbo wakijifanya wamepita tu. Mama Ponsiano kasimama mpakani, chini ya mkorosho, jembe begani, upande wake. Hajakimbia. Kavaa gauni la kanisani. Nadhani aliamua kwamba wakimjia, wamkute amevaa vizuri.

Mganga ni mnene, ana saa kubwa. Kaomba maji ya mvua. Kaomba kuku mweusi.

Kaka akaenda bandani akatoka na yule mtetea mweusi wa mama.

Mama alikuwa mkekani. Kanyanyuka. Ilichukua muda, hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeamini. Kaenda kwa hatua zake fupi fupi, kamfikia Kaka, kamshika kuku bawa.

"Huyo anataga."

Kaka akasema, "Mama, ni kwa ajili yako, upone."

"Chinja wako."

Kaka kabaki ameshika kuku upande mmoja, mama upande wa pili. Kuku anapiga kelele. Mganga akaingilia kwa sauti nzito, akasema watu wasikilize, si mama anayezungumza, ni kilichomwingia. Mama akageuza shingo. Polepole, kwa taabu, shingo bado ngumu. Kamtazama kuanzia saa mpaka viatu.

"Na huyu," akasema, sauti ndogo, imekwaruza, "nani kamwita kwangu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha mwingine. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, sijui nani. Mimi nilikaa chini mchangani.

Mganga akasema chombo, yaani mama, bado hakijawa tayari, atarudi siku nyingine. Mama alikuwa anamrudisha kuku bandani. Hakumuaga.

Vijana wametawanyika na fimbo zao. Nilitazama mpakani. Mama Ponsiano alikuwa ameketi chini ya mti, gauni la kanisani kwenye mavumbi, jembe pembeni. Nilikwenda kumwinua. Mikono yake ilikuwa ya baridi na hii ni Oktoba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kaka hajamwomba radhi Mama Ponsiano. Kanieleza kwamba hakuna jina lililotajwa, kwa hiyo hakuna kosa. Nimemwambia hivyo ndivyo anavyosema binti wa duka la dawa. Hajanielewa, au ameelewa sana. Ameondoka kwenda kuangalia mizigo.

Mama anatetemeka bado. Uso umeanza kukunjika kidogo kati ya nyusi. Ndipo anapoweka hasira zake. Nautazama mkunjo ule kuliko nilivyomtazama mtoto wangu alipoanza kutambaa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ghalani. Walimchukua kama zamani, lakini kwa woga, kama kikombe kilichounganishwa na gundi. Karani mpya, kijana, kavaa miwani. Kapima gunia la jirani yetu, akataja uzito haraka. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia lake mwenyewe, mkono pajani.

"Rudia."

Karani akasema ameshaandika. Nikadhani imeishia hapo. Kisha mama akanyanyuka, akaenda, akasimama mbele ya mizani, hakusema neno, akamtazama tu. Uso ule bado nusu bapa. Nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Karani karudia. Uzito umebadilika.

Nilijua mbele yangu kuna kitu nilichowahi kukieleza kwa ubao na chaki. Miaka mingi mama alipiga kelele mbele ya mizani, na mizani ikarekebishwa, na ubongo wake ukaandika: hii nzuri, rudia. Maandishi hayakufutika. Msomaji tu ndiye aliyekuwa amezibiwa mlango.

Hata hivyo bado nina hasira. Nimepita duka la dawa. Karatasi imeanguka, wameiacha chini ya kaunta. Nimeibandika mwenyewe kwa gundi ya shule.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefika saa nne. Nyumba ilikuwa tupu. Chai imeachwa nusu, kandambili mlangoni. Moyo uliruka.

Kisha nikasikia.

Walikuwa mpakani, chini ya mkorosho. Mama upande wake, Mama Ponsiano upande wake, katikati korosho zilizoanguka usiku. Mama anasema nani amezisogeza kwa mguu, yeye ana macho. Mama Ponsiano anasema macho gani, ya mtu aliyelala miezi minne? Mama akasema hata akilala anajua korosho zake kwa harufu, na kwamba mama mzazi wa Mama Ponsiano naye alikuwa na mguu huohuo mrefu. Mama Ponsiano akamjibu kwa Kimakonde, neno moja ambalo sitaliandika. Na mama akamrudishia kubwa zaidi.

Mama Ponsiano alikuwa analia. Anatukana huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni, wala hajifuti, mikono iko kiunoni. "Ungebaki bubu!" akapiga kelele. "Ungebaki bubu vivyo hivyo!" Mama akamwambia apenge kwanza kamasi ndiyo waendelee.

Nimerudi jikoni bila kuonekana.

Wifi Hadija alikuwa anasonga ugali wa muhogo, akaniachia mwiko bila kusema kitu. Naye alikuwa anasikiliza. Kwa Kaka nyumba ya pili mlango umefungwa, lakini nimeona dirisha likifunguliwa kidogo.

Mama karudi jua likiwa juu, na korosho kwenye pindo la khanga, pale palipokuwa na vidonge. Mkono bado una mtetemo mdogo akichoka. Daktari alisema huenda utabaki kwa muda. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Kiatu gani hicho?"

Akanawa, akakaa, akamega tonge. Akaliangalia. Akalirudisha kwenye sahani.

"Huu uji au ugali?"

Nimechukua sufuria, nimerudi jikoni kuongeza unga.